Meli za nje zinakamatwa zinaiba samaki kwenye maji ya visiwa, mbona wanalipa faini tu wanaondoka?

mtwapa_mahe:
Wakuu habarini za jioni. Mimi kijana wa Mtwapa nipo huku Ushelisheli, Mahé, kazi za ujenzi. Huku kila baada ya muda unasikia kosti gadi wamekokota boti ya Sri Lanka imekutwa inavua bila leseni, inafungwa pale Victoria, watu wanapelekwa kortini, kapteni anapigwa faini na mabaharia wengine mnakuja kusikia wamesharudishwa kwao. Nikiwauliza wenyeji mbona hawatupwi jela wananijibu juu juu tu eti sheria ya bahari ndo ilivyo. Sasa mimi sielewi, mtu akiiba kuku Kilifi anakula miezi sita, huyu kaja na boti nzima na barafu yake anaambiwa lipa uende??

Halafu fikirieni hii nchi ina watu kama laki moja, ardhi ya visiwa vyote ukikusanya ni kilomita za mraba 450 na ushee, lakini bahari yao ni zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3, yaani inaizidi Tanzania yote bara na visiwani, na meli za doria ni za kuhesabu. Ukibahatika kumpata mmoja si umkomoe mpaka wenzake wasikie? Naomba mnaojua mnieleweshe, kwanza kwa nini hawafungwi, pili kwa nini ni kapteni tu na tajiri mwenye meli haguswi, na je kuna nchi ya kisiwa imewahi kushinda kesi ya maana au ndo basi tena.

bandari_salama:
Kwani sisi tuliowafunga tulipata nini 😂 samaki wa Magufuli mmesahau

mtwapa_mahe:
@bandari_salama hiyo nimeisikia jina tu, imwage mkuu

mzee_wa_fumba:
Ngoja niimwage mimi maana miaka hiyo nilikuwa mwangalizi kwenye meli za jodari na stori nzima tuliifuata kwa karibu.

Machi 2009 meli inaitwa Tawariq 1 ilikamatwa kwenye EEZ ya Tanzania, ule ukanda wa maili 200 toka pwani ambao samaki wake ni mali ya nchi, na aliyeikamata sio meli yetu, ilikuwa doria ya pamoja kwa kutumia meli ya Afrika Kusini, Sarah Baartman. Ndani jodari karibu tani 300. Magufuli ndo alikuwa waziri wa uvuvi, samaki wakagawiwa kwenye taasisi, hospitali na kadhalika, ndo jina likazaliwa. Kesi ikaenda mwendo wa kobe, 2012 Mahakama Kuu ikamtia hatiani nahodha na wakala wake. Watu tukashangilia. Machi 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta kila kitu, na sio kwamba walisema hawakuvua, hapana, walisema sheria ya EEZ inataka kibali cha DPP, mkurugenzi wa mashtaka, kabla ya kumshitaki mgeni na kibali hakikupatikana inavyotakiwa, kwa hiyo mwenendo mzima ni batili. Agosti mwaka huohuo DPP akafuta mashtaka watu wakaenda zao. Miaka mitano rumande na vizimbani, samaki washaliwa zamani, meli imechakaa bandarini.

Kwa hiyo kijana wa Mtwapa usiwacheke Ushelisheli. Wao wanakamata, wanafika kortini haraka, mtu anakiri, hukumu inatoka. Kwangu mimi faini iliyolipwa ni bora kuliko kifungo kilichofutwa.

wakili_wa_chumbageni:
Mzee kamaliza upande wa kwetu, mimi nijibu lile swali la jela kwa sababu wenyeji wako walikwambia kweli, ni vile tu hawakukufafanulia.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 73. Unaipa nchi ya pwani nguvu ya kupanda meli, kukagua, kukamata na kushitaki kwa makosa ya uvuvi ndani ya EEZ. Hapo sawa. Lakini hapohapo unasema meli na watu wake waachiwe upesi wakiweka dhamana inayoridhisha, na adhabu kwa makosa ya uvuvi ya EEZ isiwe kifungo labda kama nchi husika zimekubaliana vinginevyo. Na nchi yenye bendera ya ile meli, yaani ilikoandikishwa, ipewe taarifa mara moja. Huku ndani ya maili 12 ni habari nyingine, hiyo ni bahari ya nchi kama uani kwako, humo unaweza kumfunga mtu kwa sheria zako. Shida ni kwamba boti nyingi za jodari hazikamatwi ndani ya maili 12, zinakamatwa huko mbali.

Sasa ukiweka dhamana kubwa kupita kiasi ili umkomoe, nchi ya bendera inaweza kukupeleka kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, ipo Hamburg, na hizi kesi za kuachiwa upesi zinasikilizwa chapchap ndani ya wiki chache. Mfano mzuri unaihusu hiyohiyo nchi uliyopo. Novemba 2000 Wafaransa walikamata meli inaitwa Monte Confurco karibu na visiwa vya Kerguelen kule kusini kwenye baridi kali, wakaikokota mpaka Réunion, wakataka dhamana ya faranga milioni 56.4. Meli ilikuwa na bendera ya nani? Ushelisheli! Basi Ushelisheli ndo ikasimama Hamburg kuitetea, na Desemba hiyohiyo mahakama ikashusha dhamana mpaka faranga milioni 18, tena thamani ya samaki walioshikwa ikahesabiwa milioni 9 ndani yake. Na walitamka jambo ambalo waendesha mashtaka wanapaswa kulishika, kwamba sio haki kuchukulia tu kuwa samaki wote waliokutwa tumboni mwa meli wamevuliwa kwenye maji yako.

pasua_kichwa:
Blabla za mawakili hizo. Dawa ni moto. Palau kisiwa kidogo kabisa huko Pasifiki 2015 walichoma boti nne za Wavietnam mchana kweupe dunia nzima ikaona. Indonesia yule mama waziri Susi Pudjiastuti alizamisha zaidi ya meli 500, zingine kwa baruti. Mbona hawakupelekwa Hamburg??

wakili_wa_chumbageni:
@pasua_kichwa hawakupelekwa kwa sababu kwenda Hamburg ni lazima nchi ya bendera iwe na uso wa kwenda, na serikali nyingi zinaona aibu kusimama mbele ya majaji kutetea boti bila leseni. Na Indonesia hawakuamka asubuhi wakachoma, walibadilisha sheria yao ya uvuvi 2009 ikaruhusu kuzamisha meli ya kigeni palipo na ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo moto wenyewe una karatasi nyuma yake.

Kutaifisha meli ni halali pia kama sheria yako inasema hivyo. Kuna kesi ya 2007, meli ya Japani inaitwa Tomimaru ilikamatwa na Urusi, Japani wakafika Hamburg wakakuta mahakama ya juu ya Urusi imeshamaliza kuitaifisha, majaji wakasema sasa tuachie nini wakati meli imeshabadilisha mmiliki. Ila wakaonya, usitaifishe harakaharaka ili kumziba mtu njia ya kudai haki.

mtwapa_mahe:
Kumbe. Sasa @mzee_wa_fumba wewe uliyekuwa melini, hivi ni vigumu kiasi gani kuthibitisha mtu alivua hapa na sio nje ya mpaka? Si GPS inaonyesha?

mzee_wa_fumba:
GPS ya nani kijana 😄 Ndo hapo kesi zinapofia.

Boti ikiona doria inazima mitambo ya kujulisha ilipo, inakata mishipi inaiacha majini, ukifika unakuta watu wamekaa wanapika wali, wanakwambia sisi tulikuwa tunapita tu tunaelekea kwetu, na kupita ni haki yao hata kama wana samaki waliovua bahari kuu. Hapo unatakiwa umkamate kwa vitu vidogovidogo. Zana zimefungwa na kuhifadhiwa au zimelowa zina chambo kibichi? Samaki wa juu kwenye shehena ana siku ngapi, kashaganda au bado analegea? Kwenye mtambo wa nahodha wa kuonyesha njia kuna alama za siku zilizopita, huo mtambo uuzime vizuri uufunge usiuguse hovyo maana wakili wake atasema mmechezea. Daftari la uvuvi limeandikwa mpaka tarehe gani. Kila kitu kipigwe picha kukiwa na mahali na saa, na kila mtu aliyekishika asaini, kuanzia askari wa doria mpaka stoo ya mahakama. Askari wengi ni hodari wa kupanda meli na mawimbi ila kwenye kuandika wanachoka, na kesi inaliwa kwenye maandishi.

Halafu lugha. Umemkamata Msinhala, hajui Kiingereza wala Kifaransa wala Kikrioli, unamsomea mashtaka kwa lugha gani? Mkalimani usipompata mapema rufani inakusubiri. Na samaki wenyewe wanaoza, inabidi uombe amri ya mahakama wauzwe pesa iwekwe akaunti mpaka kesi iishe, sio mgawane kabla ya hukumu kama tulivyofanya sisi.

Mfano wa jinsi ilivyo ngumu, Australia 2003 walikuta meli inaitwa Viarsa 1 kwenye maji ya kisiwa chao cha Heard, wakaifukuza siku 21, maili zaidi ya 3,900 katikati ya barafu na mawimbi, wakaikamata upande wa Atlantiki huko, wakairudisha mpaka Perth. 2005 baraza la wazee wa mahakama likawaachia huru. Aliyewaona wakitega mishipi hakuwepo, na kuwakuta mle ndani haikutosha. Nchi tajiri kama Australia! Sasa Komoro wafanyeje.

mwana_wa_iconi:
Komoro mmetutaja ngoja nijibu, mimi ni Mngazija nipo Dar.

Sisi balaa letu lilikuwa la upande wa pili, tulikuwa tunawindwa huku bendera yetu inawinda wengine. Serikali ilikabidhi uandikishaji wa meli kwa kampuni binafsi iliyo nje ya nchi, mtu hajawahi kuiona hata Moroni kwa macho anapata bendera ya Komoro kwa karatasi, anaenda kuvua Afrika Magharibi anafanya anavyotaka na hakuna ofisa wetu hata mmoja anayejua yuko wapi. Umoja wa Ulaya wakatupa kadi ya njano, yaani onyo, Oktoba 2015, hatukujirekebisha, 2017 nyekundu. Kadi nyekundu manake samaki wa meli zenye bendera yako hawaingii soko la Ulaya. Mjomba wangu na ngalawa yake kule Iconi hajui hata Umoja wa Ulaya ni kitu gani lakini jina la nchi lishachafuka.

Ndo maana huwa nasema mtu asiulize tu nani kakamatwa, aulize bendera ile aliipata wapi na nani alikula hela ya kuiuza.

bandari_salama:
@mwana_wa_iconi umeongea pwenti nzito sana wallahi

wakili_wa_chumbageni:
Hapo kwenye bendera ndo jibu la swali la pili la mtwapa, kwa nini tajiri haguswi. Mwenye meli amejificha nyuma ya kampuni, kampuni iko nchi nyingine, bendera nchi nyingine, nahodha wa nchi nyingine, mabaharia wamekusanywa vijiji vitatu tofauti. Hakimu wa Victoria au Moroni hana mkono wa kumfikia, aliye mbele yake ni nahodha na chuma kinachoelea. Mwenye mkono ni nchi ambayo tajiri ni raia wake, na sheria ya Ulaya inayofanya kazi tangu 2010 inabana raia wao hata wakijificha kwenye bendera za watu. Hispania 2016 ilizipiga kampuni na watu wake faini ya zaidi ya euro milioni 17 kwa meli zilizokuwa zinaiba kule Antaktika. Lakini kesi kama hiyo inategemea nchi ya kisiwa iwe imetunza ushahidi ikautuma, na wengi hawautumi, wakishapata faini yao faili linafungwa.

pasua_kichwa:
Bado hamjajibu swali la tatu. Kisiwa gani kimeshinda

mzee_wa_fumba:
São Tomé na Príncipe.

Hii naipenda. Kulikuwa na meli inaitwa Thunder, mwizi mkongwe anayetafutwa na Interpol, ilikuwa inavua kule Antaktika. Desemba 2014 meli ya wanaharakati wa Sea Shepherd ikaikuta ikaanza kuifuata nyuma nyuma, siku 110, mpaka Aprili 2015 Thunder ikazama kwenye maji ya São Tomé. Ikazama hali ya bahari shwari kabisa, milango ya ndani imeachwa wazi, mabaharia 40 wameshajipanga na mabegi yao. Ukiniuliza mimi walizamisha wenyewe ushahidi upotee. Ila wale wanaharakati walipanda kwa dakika chache wakati inazama wakatoka na simu, ramani na picha za samaki.

Sasa sikilizeni akili ya mwendesha mashtaka wa kale kanchi. Uvuvi ulifanyika maelfu ya maili huko, hana mamlaka nao. Badala ya kung'ang'ana na samaki akawashitaki kwa kughushi nyaraka, kuchafua bahari na kuhatarisha watu, vitu ambavyo vimetokea mlangoni kwake na anavyo mkononi. Oktoba 2015 nahodha na mafundi wawili wa injini wakatiwa hatiani, vifungo karibu miaka 3, na faini ya zaidi ya euro milioni 15. Na ile marufuku ya jela anayosema wakili haikuwagusa kwa sababu kosa sio la uvuvi wa EEZ.

wakili_wa_chumbageni:
Naunga mkono, na hii ingeweza kuwasaidia hata Ushelisheli. Boti inayokataa kusimama, inayoficha jina, yenye nyaraka za uongo, hayo ni makosa yanayojitegemea. Unamshitaki kwa lile unaloweza kuthibitisha.

jike_la_nyangumi:
Mmesahau meli ya STS-50 jamani na hiyo inatuhusu kabisa! Ilishikwa Maputo Februari 2018 nyaraka zikiwa mikononi mwa Msumbiji ikatoroka hivyohivyo. Sea Shepherd na meli yao Ocean Warrior walikuwa kwenye doria huku kwetu na maofisa wa Tanzania wakaifukuza kuelekea maji ya Ushelisheli, Aprili Indonesia wakaidaka. Nahodha Mrusi akapata miezi minne na faini ya rupia milioni 200 ambayo ni kama dola elfu 14 tu, pesa ya mboga kwa watu wale. Lakini meli ikataifishwa na hapo ndo palipouma. Kwa hiyo mimi siangalii faini ya kapteni, naangalia chuma kimebaki kwa nani.

mtwapa_mahe:
Nimeelewa sana aisee. Ila boti za huku sio limeli likubwa kama hizo, ni vijiboti vya Sri Lanka vya mbao na faiba, ukitaifisha wanaunda kingine. Hao utawabana vipi?

mzee_wa_fumba:
Swali zuri kuliko la mwanzo. Meli kubwa za jodari unazibana bandarini na kwenye leseni. Pasifiki wale wanachama 17, nchi za visiwa pamoja na Australia na New Zealand, chini ya shirika lao la uvuvi lililopo Honiara, visiwa vya Solomon, wana daftari moja, meli ikifanya uhuni kwa mmoja inaweza kufutiwa hadhi njema na hakuna mwingine atakayeipa leseni. Huku kwetu 2012 nchi kadhaa zikaanza kupashana habari, FISH-i Africa, na baadaye wakafika nane, Komoro, Kenya, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Ushelisheli, Somalia na Tanzania. Kesi yao ya kwanza meli inaitwa Premier, ilifanya madudu Liberia ikaja Bahari ya Hindi kuomba leseni, kila mlango inaogonga inaambiwa kamalizane na Liberia kwanza. Ikalipa dola milioni 1. Hakuna aliyepandishwa kizimbani.

Ila vijiboti vya Sri Lanka haviji Victoria kuuza, vinageuza moja kwa moja kwao, kwa hiyo kuvifungia bandari ni kazi bure. Hao aliwabana Ulaya. Januari 2015 samaki wa Sri Lanka walipigwa marufuku soko la Ulaya, ikadumu mpaka Juni 2016, na ndani ya muda huo serikali yao ikalazimika kufunga vifaa vya kufuatilia kwenye boti za bahari kuu na kupandisha faini za kwao. Bado wanakuja kuiba, hilo unaliona mwenyewe hapo, lakini sasa Ushelisheli ikimkamata inaweza kuiandikia serikali yao Colombo iwaambie lete rekodi ya kifaa cha boti namba fulani, na hiyo rekodi ndo ushahidi ambao Waaustralia waliukosa kwa Viarsa.

mtwapa_mahe:
Na wale mabaharia? Kuna siku nilipita pale nikawaona wamekaa juu ya boti, watoto wadogo tu wengine

wakili_wa_chumbageni:
Mara nyingi mashtaka yanabaki kwa nahodha, wengine wanachukuliwa maelezo kisha wanarudishwa kwao kupitia ubalozi, na hapo ndo mwendesha mashtaka mzembe anapoteza mashahidi wake. Baharia anajua nahodha alizima mtambo saa ngapi na nani alimpigia simu kutoka nchi kavu. Chukua maelezo yake mbele ya mkalimani na hakimu kabla hajapanda ndege, akishafika kwao humpati tena.

pasua_kichwa:
Mi bado nasema kiberiti